Wabunge wanasimamia hela za barabara au wanaomba barabara tu? Naomba kueleweshwa

Jirani wa Tuta

Wakuu habari za jioni, naombeni mnieleweshe hili maana kila nikiuliza mtaani najibiwa siasa.

Kwenye bunge la bajeti niliamua nisikilize mjadala wa Wizara ya Ujenzi mwanzo mwisho. Aisee. Anasimama wa kwanza anamshukuru Mungu, anamshukuru Rais, anamshukuru waziri na naibu wake na katibu mkuu na mtendaji wa TANROADS, wakala wa barabara, nusu ya muda imeisha hapo, ndo anaanza sasa barabara yangu ya kutoka wapi kwenda wapi imo kwenye ilani tangu lini na wananchi wangu wanateseka, naomba mheshimiwa waziri unapokuja kuhitimisha uniambie neno. Kengele inalia, naunga mkono hoja mia kwa mia. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu kabadilisha jina la barabara tu.

Nikawa najiuliza, sasa ile hela waliyopitisha mwaka jana nani anauliza ilienda wapi?

Nauliza kwa sababu kwetu kuna barabara imesimama. Mkandarasi alikuja na mbwembwe, akaweka bango, akachonga tuta, akamwaga kifusi, makalavati yamepangwa kando ya njia mpaka yameota majani ndani, greda likaondoka na halijarudi. Bango lipo bado ila pale kwenye tarehe ya kukamilika pamefutika, sijui jua sijui mtu. Sasa mwenye kazi ya kuuliza hiyo ni nani? Kamati ya Miundombinu? PAC, ile kamati ya Bunge ya hesabu za serikali? CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali? Na wakiuliza wana meno au ni kupiga kelele tu? Nisaidieni, matusi wekeni pembeni.

Kasma na Fungu

Mkuu umeuliza swali zuri, ntajaribu kukujibu kwa urefu maana nimefanya kazi ya uhasibu serikalini miaka kadhaa na haya mavitabu nimeyabeba.

Kwanza jua barabara yako ni ya nani. Kama ni barabara kuu au ya mkoa hiyo ni TANROADS, iko Wizara ya Ujenzi, kwenye bajeti utaikuta Fungu 98, fungu ni namba ya wizara au taasisi kwenye vitabu vya bajeti. Kama ni ya wilaya au mtaa hiyo ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilianza 2017, iko TAMISEMI, yaani tawala za mikoa na serikali za mitaa, na bajeti yake inapita njia nyingine kabisa na kamati nyingine. Reli na bandari ni Uchukuzi, Fungu 62. Watu wengi wanamkaba mtu siye, unakuta mtu anamlilia meneja wa TANROADS wa mkoa kwa barabara ambayo hata kwenye ramani yake haipo.

Kwenye Katiba madaraka yapo. Ibara ya 63(2) inasema Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, kuisimamia na kuishauri Serikali. Kwa hiyo usiambiwe hawana ruhusa, wanayo. Shida iko kwenye muda wanapopewa hizo taarifa na kile wanachoweza kufanya nazo.

Usimamizi una ncha mbili. Kabla hela haijatoka ni Kamati ya Miundombinu na Kamati ya Bajeti. Mwezi wa tatu kamati za kisekta zinakwenda ziara kukagua miradi, wakirudi wizara inawaletea randama ambayo ndo ina maelezo ya kila kasma, yaani kila mstari wa matumizi, wanaichambua kabla hotuba haijasomwa bungeni. Huko ndani ndo kazi halisi ilipo na wewe huioni kwenye tv. Unachokiona bungeni ni mwisho wa safari, kila mtu anataka wapiga kura wake wasikie jina la kijiji chao likitajwa.

Baada ya hela kutumika ndo anaingia CAG. Ibara ya 143 inamtaka akague angalau mara moja kila mwaka, ripoti inaenda kwa Rais, na Rais anatakiwa ifike bungeni ndani ya siku 7 tangu kikao cha kwanza kianze baada ya kuipokea. Ikicheleweshwa CAG anampelekea Spika mwenyewe. Bungeni PAC inaichukua, inaita maafisa masuuli, yaani watendaji wenye dhamana ya fedha za kila taasisi, mmoja mmoja, wanajibu hoja za ukaguzi, kamati inaandika taarifa yake na Bunge linatoa maazimio.

Sasa angalia kalenda. Mwaka wa fedha 2021/22 ulianza Julai 2021 ukaisha Juni 2022. CAG akamkabidhi Rais mwishoni mwa Machi 2023. Bunge likakaa kujadili taarifa za kamati kuhusu ripoti ile Novemba 2023. Yaani cheti cha malipo kilicholipwa kimakosa Agosti 2021 kinajadiliwa zaidi ya miaka miwili baadaye, meneja kashahamishwa, mhandisi mshauri kashafunga ofisi, mkandarasi ana mradi mkoa mwingine. Utamwajibisha nani hapo?

Babu Kifusi

Ntakuwa mfupi. Wewe umemtuma mtu akalete barabara, alafu unataka huyohuyo amkabe anayeigawa hiyo barabara. Atamkaba vipi? Akimkaba mwaka huu mwakani barabara inaenda jimbo la jirani. 2021 kila jimbo lilipewa milioni 500 za barabara kupitia TARURA, unategemea kuna mbunge angesimama aseme hii hela tuikague kwanza? Walipiga makofi mpaka basi, na ningekuwa mimi ningepiga pia, tusidanganyane.

Nuru wa Dodoma

@Babu Kifusi umenena lakini sio kwamba hakuna kabisa. Kuna kushika shilingi. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, mafungu yanapitishwa kimoja kimoja, ikifika kwenye mshahara wa waziri mbunge ambaye hajaridhika anasimama anasema nisipopata maelezo ya kutosha nakusudia kutoa shilingi kwenye mshahara wa waziri. Waziri lazima ajibu, asiporidhisha wabunge wengine wanasimama kuunga mkono, inageuka mjadala. Nimeshaona mawaziri wanatoka jasho kwa hiyo shilingi moja, maana mbele ya nchi nzima unaulizwa barabara moja kwa jina, na ukijibu kwa ujumla ujumla wanakuzomea.

Ila sasa mara nyingi mwisho wake waziri anasema mheshimiwa naomba nikuahidi tutakaa mimi na wewe na wataalamu tulimalize hili, mbunge anarudisha shilingi, mnaendelea. Na muda ukikaribia kwisha inaingia gilotini, mafungu yote yaliyobaki yanapitishwa kwa mkupuo bila mtu kuuliza chochote. Mabilioni yanapita pale kwa ndiyooo moja.

Alafu msisahau Ibara ya 90. Bunge likikataa kupitisha bajeti Rais anaweza kulivunja. Kwa hiyo hakuna mbunge wa chama tawala atakayefika huko, ni sawa na kuomba uchaguzi kwa mdomo wake mwenyewe. Na Ibara ya 99 nayo inazuia mbunge kujianzishia hoja ya kuongeza matumizi au kutoa hela Mfuko Mkuu wa serikali, hiyo lazima itoke serikalini. Kwa hiyo ukiona wanaomba omba usishangae sana, sheria yenyewe imewaweka mahali pa kuomba.

Saiti Meneja

Mimi nipo upande wa wakandarasi, naomba niseme la upande wetu maana kila barabara ikisimama jibu ni "mkandarasi mwizi".

Ngoja niwape ilivyo saiti. Tumefanya kazi, mhandisi mshauri amekuja na watu wake amepima tabaka kwa tabaka, amesaini cheti cha malipo, kimeenda kwa mwenye mradi, kimekaguliwa, kimeenda Hazina. Kimya. Mkataba unasema ndani ya muda fulani niwe nimelipwa, ukipita riba inaanza kuhesabu, na mitambo ikikaa bila kazi kwa sababu yao nayo nadai. Mimi mafuta nimekopa, vijana wanataka posho, mwenye greda anataka greda lake. Naondoa greda. Mwanakijiji anaona greda limeondoka usiku anasema kapiga hela kakimbia, wakati mimi ndo nadai.

Na hii ya riba sio maneno yangu, CAG anaiandika mwaka baada ya mwaka, riba ya kuchelewa kuwalipa wakandarasi. Hela ya mlipakodi inayolipwa bila kuzaa hata mita moja ya lami. Mimi ningekuwa PAC hiyo ndo ningeishikia bango kuliko hata hizo safari na semina, kwa sababu huwezi kumkuta mwizi, kila mtu amefuata utaratibu na hela imepotea.

Kwa nini inatokea? Kwa sababu Bunge linapitisha makadirio, halipitishi hela. Hela inatoka kadri inavyokusanywa, na miradi inasainiwa mingi kuliko mfuko. Hao hao wabunge waliolia kila mtu apate kilomita zake ndo wanafanya bajeti igawanywe vipande vidogo vidogo, kila barabara inaanza na hakuna inayoisha. Unakuta barabara ndefu imetengewa hela ya kilomita chache, mwaka kesho tena chache, gharama za kusimamia mkataba zinalipwa miaka yote hiyo.

Jirani wa Tuta

@Saiti Meneja duh, hapo umenifungua macho, makalavati yale sasa nayatazama tofauti. Lakini swali langu bado, je kamati ilipokwenda ziara mwezi wa tatu ilifika kwetu? Maana nachoona kwenye habari wanapiga picha kwenye miradi mikubwa tu, daraja la Kigongo–Busisi kabla halijafunguliwa, reli ya SGR, wamevaa vile vizibao vya kung'aa.

Na lingine, zile tozo za mafuta tunazokatwa kila lita si ndo za barabara? Hizo nazo zinasubiri makusanyo?

Kasma na Fungu

Hizo tozo zina mfuko wake, Mfuko wa Barabara, una bodi yake na sheria yake. Unachokatwa kwenye lita kinaingia huko, na sheria inataka sehemu kubwa kabisa iende kwenye matengenezo, kuziba mashimo, kuchonga, kusafisha mifereji, kujenga barabara mpya ni sehemu ndogo tu. Kwa hiyo barabara yako mpya ya lami hiyo huenda hata haigusi huo mfuko, inategemea fedha za maendeleo za Hazina au mkopo. Mwaka 2021 waliongeza shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya TARURA, hiyo ndo iliyofanya barabara nyingi za mitaani zipate pata greda. 2023 wakaongeza 100 nyingine, hiyo ya miradi ya kimkakati.

Na hapa ndo nasema usimamizi wa Bunge ungekuwa rahisi kama mtu angetaka, kwa sababu lita zilizoingia nchini zinajulikana, tozo kwa lita inajulikana, unazidisha unapata kilichotakiwa kuingia mfukoni. Unalinganisha na kilichopokelewa. Mbunge mmoja mwenye kikokotoo angeweza kuuliza hilo swali na asijibiwe kirahisi.

Kuhusu ziara ni kweli wanaenda kwenye mikubwa. Siku chache, nchi hii ilivyo kubwa, TARURA peke yake ina zaidi ya kilomita 144,000. Hawawezi kufika kwenu. Lakini mbunge wako yupo kwenye kitu kingine watu hawakisemi, Bodi ya Barabara ya Mkoa. Mwenyekiti ni mkuu wa mkoa, wabunge wa mkoa ni wajumbe, meneja wa TANROADS na wa TARURA wanaleta taarifa za utekelezaji barabara kwa barabara. Pale mkataba wa barabara yako unatajwa kwa namba, asilimia ya kazi, asilimia ya muda uliokwisha, na malipo. Muulize mbunge wako kikao cha mwisho walisema nini kuhusu barabara yako. Asipojua ujue hakwenda au alikwenda akasaini posho akatoka.

Mama Hansadi

Naomba niingilie kidogo kwa sababu mnaongea kana kwamba Bunge letu halijawahi kufanya chochote. Wenye kumbukumbu mnakumbuka Aprili 2012. Ripoti ya CAG ilisomwa, wabunge wakachafukwa, Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani, akaanza kukusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Pinda, zilitakiwa 70, na waliosaini walikuwemo hata wa CCM. Hoja yenyewe haikufika mbali lakini mwezi wa tano Rais Kikwete akapangua baraza na mawaziri sita wakaenda nyumbani, akiwemo wa Uchukuzi, Omari Nundu. Hiyo ni ripoti ya ukaguzi imefanya kazi hiyo.

Ilikuwa nini tofauti? Kamati za hesabu zilikuwa na wenyeviti wa upinzani wanaojua hesabu, wananchi walikuwa wanaangalia laivu, na ndani ya chama tawala kulikuwa na makundi yanayotafutana. Tangu Januari 2016 TBC walipoacha kuonyesha vikao laivu presha ile ikapungua kabisa, matangazo yamerudi baadaye ila mazoea yalishabadilika. Alafu 2019 mnakumbuka yaliyompata Profesa Assad, CAG wa wakati ule, alisema kuna udhaifu wa Bunge kwenye kufanyia kazi ripoti zake, akaitwa kwenye kamati ya maadili, Bunge likaazimia halifanyi naye kazi, Novemba akaondolewa. Mahakama Kuu ilikuja kusema Desemba 2022 kwamba kuondolewa kule kulivunja Katiba, lakini kiti kilishakaliwa na mwingine zamani. Sasa mnataka mkaguzi gani aandike kwa ukali baada ya hapo? Ingawa tuseme ukweli ripoti za Kichere, aliyekuja baada yake, nazo sio laini, watu hawazisomi tu.

Babu Kifusi

@Mama Hansadi mawaziri wanaenda nyumbani, hela inarudi? Nitajie kilomita moja iliyojengwa kwa sababu ya mawaziri kutimuliwa.

Mama Hansadi

@Babu Kifusi hairudi babu, lakini anayekalia kile kiti kesho anajua kuna watu wanasoma. Na kisheria CAG akiona dalili za wizi au udanganyifu anatakiwa kuwapa taarifa vyombo vya uchunguzi, TAKUKURU na wenzao. Kurudisha hela ni kazi yao na mahakama, sio ya Bunge. Bunge linaazimia. Ukilidai Bunge likamate watu unalidai kitu ambacho sio chake alafu unaliacha na kile ambacho ni chake, ambacho ni kuuliza maswali mpaka mtu ajibu.

Saiti Meneja

Hapo kwenye maazimio nakubaliana, ila mnafuatilia? Kila mwaka Bunge linaazimia serikali ilipe wakandarasi kwa wakati. Mwaka unaofuata linaazimia tena. Kwenye ripoti ya CAG kuna sehemu ya mapendekezo ya miaka ya nyuma, yaliyotekelezwa, yanayoendelea, ambayo hayajatekelezwa. Ningekuwa mbunge ningeanzia kwenye zile kurasa tu, sihitaji kusoma kingine chochote.

Na kitu kingine hamjakigusa, miradi ya mtindo wa EPC+F ambapo mkandarasi anasanifu, anajenga na anatafuta hela mwenyewe alafu serikali inamlipa baadaye. Juni 2023 zilisainiwa barabara saba za namna hiyo, zaidi ya kilomita 2,000. Mjadala mkali wa bungeni nilitegemea uwe kabla ya kusaini, masharti ya malipo ni yapi na riba ni kiasi gani. Maswali mengi niliyoyasikia yalikuja baadaye na yote yalikuwa "mkandarasi ataanza lini kwangu".

Jirani wa Tuta

Wakuu nawashukuru sana, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Sasa mimi kama mwananchi wa kawaida nianzie wapi? Nisiende kwa mbunge mikono mitupu akaniambia "linafanyiwa kazi".

Kasma na Fungu

Anza na vitabu vya bajeti, vipo tovuti ya Wizara ya Fedha, pdf. Chukua Kitabu cha Nne ndo cha miradi ya maendeleo, nenda Fungu 98, tafuta jina la barabara yako. Zimepangwa kwa namba ya mradi, kuna safu ya fedha za ndani na fedha za nje. Usipoikuta kwa jina angalia kwenye miradi ya jumla, huwa wanazikusanya barabara kadhaa chini ya namba moja, hapo ndo wengi wanapotelea. Fanya hivyo kwa miaka mitatu minne mfululizo utaona kama inatengewa hela kweli au jina tu linahamishwa.

Alafu fungua hotuba ya waziri ya mwaka huu. Usisome mwanzo, zile shukrani ruka. Nenda kwenye mapitio ya utekelezaji, kuna aya inasema hadi kufikia Aprili fedha zilizotolewa ni kiasi gani sawa na asilimia ngapi ya zilizoidhinishwa. Ukikuta asilimia iko chini na mwaka umebaki miezi miwili, @Saiti Meneja hajakudanganya. Ukikuta fedha zimetoka vizuri na barabara yako imesimama, basi hapo una swali la kumuuliza mtu, na muulize kwa maandishi, namba ya mkataba, tarehe ya kuanza, kiasi kilicholipwa, tarehe mpya ya kumaliza. Namba ya mkataba kama kwenye bango haisomeki utaipata ofisi ya meneja wa mkoa.

Mbunge akipewa hivyo anaweza kupeleka swali la msingi, waziri analijibu bungeni na linaingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, na baada ya hapo ana maswali mawili ya nyongeza. Mwambie la nyongeza asiombe barabara nyingine.

Nuru wa Dodoma

Hahaha hilo la mwisho ndo gumu kuliko yote. Kila nikisikia "mheshimiwa Spika nina maswali mawili ya nyongeza" najua la pili ni barabara ya kwenda kijiji kingine.

@Jirani wa Tuta ukishapata hiyo asilimia ya fedha zilizotolewa uirudishe hapa tuisome pamoja, na kama bango bado limesimama lipige picha kabla halijaondolewa.